Nani Aliwaita Hasidi na Mwivu?



 

 Mwaka huu wahariri wa jarida letu wameniomba niandike juu ya namna ya kuchambua wahusika na dhamira katika vitabu vya fasihi. Sababu yao ni nzuri. Vijana wetu wengi asubuhi wako sekondari na jioni wako hapa madrasa, na maswali ya fasihi huja nayo mfukoni pamoja na juzuu zao. Nimekubali, lakini nitaandika kwa njia ya kisa kilichonifika mwenyewe, maana uchambuzi niliodhani naujua nilikuja kufundishwa upya na watoto wawili.

Darasa letu la vitabu hukutana Alhamisi baada ya swala ya alasiri, wakati ambao hatuna masomo ya kawaida. Lilianza na wanafunzi sita. Sasa hufika kumi na tano, siku ambayo hakuna mpira. Kitabu cha kwanza kilikuwa Adili na Nduguze cha marehemu Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Nilikichagua kwa sababu zisizo na elimu kubwa: ni kifupi, mwandishi wake ni mtu wa kwetu Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, na marehemu baba yangu alikuwa na nakala yake, ambayo niliisoma kabla sijajua hata maana ya neno fasihi. Nakala ile sinayo tena. Nitaeleza.

Kwa asiyekisoma, kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Katika nchi ya Ughaibuni anatawala mfalme Rai, mtu mwenye huruma hata kwa wanyama. Adili, anayetawala Janibu chini yake, anagundulika kuwa nyumbani ana manyani wawili ambao kila usiku huwapiga kwa mjeledi, kisha huwakumbatia na kulia. Mfalme anataka maelezo. Adili anaeleza kwamba manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Walipofilisika aliwapokea akagawana nao mali yake. Wakasafiri pamoja baharini kwa biashara. Safarini Adili akampata Mwelekevu, binti aliyebaki hai peke yake katika Mji wa Mawe, mji ambao watu wake wote waligeuka mawe. Ndugu zake wakaingiwa na kijicho, wakamtupa baharini. Aliyemwokoa ni jini Huria, ambaye Adili naye alikuwa amepata kumwokoa. Huria akawageuza wale wawili kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku.

Mzazi mmoja alinijia baada ya wiki ya pili, akaniuliza kwa adabu kama ni sawa kusomesha hadithi za majini ndani ya madrasa. Nilimjibu kwamba majini tunawaamini kwa kuwa wametajwa ndani ya Qur'an, ila jini Huria ni wa kubuni na watoto wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Alicheka. Mwanawe bado anakuja.

Sasa tuingie katika somo. Nilianza kama nilivyofundishwa, yaani kwa majina. Vitabu vya Shaaban Robert humpa faida kubwa mwanafunzi wa madrasa, kwa sababu majina mengi ya wahusika wake yana mizizi katika Kiarabu, na sisi tunayo misamiati hiyo tangu utotoni. Adili ni uadilifu. Hasidi anatokana na husuda, ile tunayojikinga nayo kwa Suratul Falaq kila jioni. Rai ni maoni, busara. Huria ni uhuru. Mwanafunzi akifungua Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, atamkuta Karama akishitakiwa na waziri Majivuno, na atawakuta wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, na majina yao peke yao yanamweleza walikuwa watu wa namna gani. Hata hivyo nawaomba wanafunzi wasiishie kutafsiri jina. Katika Kusadikika jambo la kutazamwa ni mahali alipowekwa mwenye jina: wenye majina mema wamo gerezani, na Majivuno yumo barazani karibu na mfalme. Dhamira ya kitabu imo katika mpango huo.

Basi siku ile nikaandika ubaoni: Hasidi na Mwivu, wahusika bapa. Maana yake, wahusika wa upande mmoja tu, wasiobadilika, walioumbwa kuwakilisha sifa moja. Ndivyo tunavyojibu katika mitihani. Kijana mmoja, mwepesi wa mzaha, akanyoosha mkono.

"Ustadhi, baba yao alijuaje kwamba watoto wake watakuwa mahasidi mpaka akawapa majina hayo?"

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini swali lilikuwa la haki. Sisi tunafundishwa kumchagulia mtoto jina jema, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akibadilisha majina mabaya. Kuna bibi aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi, akamwita Jamila. Ni mzazi gani basi atakayechinja akika ya mtoto wake na kumwita Hasidi? Nikamjibu kwamba ni mbinu ya mwandishi. Hakuridhika. Akafikiri kidogo, safari hii bila mzaha, akasema: "Labda ni Adili aliyewaita hivyo. Si ndiye anayesimulia kwa mfalme?"

Kwa jibu la mtihani, kijana alikosea. Mwandishi mwenyewe anawaita kwa majina hayo, hata mahali ambapo Adili hasemi kitu. Nilimwambia hivyo. Hata hivyo alikuwa ameuliza swali ambalo nawasihi wanafunzi wote waliulize wakifungua hadithi yoyote: habari hizi tunazisikia kutoka kwa nani? Sehemu kubwa ya ubaya wa Hasidi na Mwivu tunaisikia kwa mdomo wa aliyedhulumiwa, wakati wao wamesimama pale wakiwa manyani wasioweza kusema. Adili anaweza kuwa mkweli kabisa, na kwa maoni yangu ni mkweli. Hata hivyo wao bado hawajapata zamu yao.

Aliyeniangusha zaidi ni binti mmoja mkimya, ambaye kwa kawaida huandika tu. Aliuliza: "Ustadhi, machozi ya Adili yanawasaidia nini hao manyani?"

Nikasema Adili hakuwa na hiari, aliamriwa. Akasema, ndiyo, lakini anayepigwa haoni amri, anaona mjeledi. Muda wa maghribi ukawa umekaribia, nikafunga darasa. Sikuwa na jibu, na wanafunzi waliliona hilo.

Hapa niseme jambo moja la kitaalamu kabla sijarudi kwenye kisa changu. Wachambuzi wamekwisha kuonyesha kwamba hadithi hii inafanana sana na hadithi ya Abdallah bin Fadhil wa Basra, iliyomo katika Alfu Lela Ulela. Nilipokuwa nasomea stashahada niliisoma kwa Kiarabu. (Alfu Lela Ulela si kitabu cha kumpa mtoto bila uangalizi, mzazi aelewe hivyo.) Humo pia yumo kaka mwema, wamo ndugu wawili wenye husuda, umo mji wa mawe, yumo jini wa kike na umo mjeledi wa kila usiku. Tofauti ya kwanza ni ndogo: kule ndugu waligeuzwa mbwa, huku manyani. Tofauti ya pili ndiyo kubwa. Kule Khalifa Harun Rashid anawaombea, wanarudishwa kuwa watu, kisha wanarudia uovu uleule, wanajaribu kumwua ndugu yao mara nyingine, na mwisho wao ni kuuawa kwa amri ya Khalifa. Shaaban Robert hakuufuata mwisho huo. Kwake, mfalme Rai anaingia kati, msamaha unapatikana, ndugu wanarudi kuwa watu, na wanatubu kikweli.

Utaona basi, ndugu msomaji, kwamba lile neno langu la ubaoni lilikuwa na kasoro. Wahusika wa kubadilika katika kitabu hiki ni Hasidi na Mwivu. Asiyebadilika, mwema mwanzo na mwema mwisho, ni Adili. Kama kuna mhusika bapa pale, ni yeye shujaa wetu. Na kuandika kwamba dhamira ya kitabu ni "wivu ni mbaya" ni kukisoma nusu. Ubaya wa wivu unamalizika kusemwa mapema kabisa. Kurasa zinazobaki zinashughulika na jambo gumu zaidi: kosa limeshatendwa, adhabu imeshaanza, nani ataisimamisha? Si mkosa, maana hana sauti. Wala si Adili, pamoja na machozi yake yote. Ilibidi atokee mtu wa tatu.

Sasa yangu.

Baba yetu alifariki mwaka 2014. Aliacha nyumba ya vyumba sita, na shamba dogo la minazi kwenye njia ya Pangani. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeshika mambo, kama ilivyo ada. Mimi nilikuwa chuoni. Mwaka uliofuata, kabla mirathi haijagawiwa, shamba likauzwa. Kaka alisema marehemu aliacha deni. Sheria yetu iko wazi kwamba deni hulipwa kabla warithi hawajagawana, lakini deni lile halikuwa na karatasi, wala shahidi niliyemjua. Ada yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa itoke katika nazi za shamba lile. Nikakaa nyumbani mwaka mzima nikisomesha watoto alifu na be kwa ujira usiotosha sabuni. Na katika pitapita hizo, sanduku la vitabu vya baba nalo likatoweka, na ndani yake kile kitabu cha manyani.

Sikugombana na kaka yangu hadharani. Tulisalimiana Idd, tulizika pamoja, tuliitikia dua pamoja. Lakini kila penye baraza, harusini, msibani au kwenye hitima, akitajwa tu, mimi nilikuwa na kisa changu tayari. Nilikisimulia kwa upole, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusema. Nilikuwa najua mahali pa kunyamaza na mahali pa kuhema. Jamaa zangu wote walikijua kisa cha shamba, na hakuna aliyekisikia kutoka kwa kaka. Kisha nikirudi nyumbani namwombea dua, na mara nyingine machozi yakinitoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Hakika nilijiona mimi ndiye Adili.

Usiku ule baada ya swali la yule binti nilikaa kitandani nikihesabu ni mara ngapi nimekwisha kukisimulia kisa kile. Nikashindwa.

Wiki ileile nilikuwa natayarisha somo la tafsiri ya Suratu Yusuf kwa darasa la wakubwa. Sura hii Mwenyezi Mungu ameisifu kuwa ni kisa kizuri kuliko visa, na nimeisomesha mara nyingi. Ajabu ni kwamba jambo lililo wazi kabisa sikuwa nimelitilia maanani: ndugu wa Nabii Yusuf (A.S.) hawakutajwa majina yao ndani ya sura. Walipanga, walimtupa kisimani, walimdanganya baba yao, na kisa chote kimewataja kuwa ni ndugu zake tu. Hakuna aliyebandikwa jina la dhambi yake. Wanapofika mwisho wakakiri na kumwomba baba yao awaombee maghufira, hakuna jina bovu la kuwavua.

Kuna na jingine, ambalo wanazuoni wa tafsiri wamelieleza tangu zamani. Nabii Yusuf anapowapandisha wazazi wake kwenye kiti cha enzi, anahesabu neema za Mola wake. Anataja kutolewa gerezani. Kisima hakitaji. Wanazuoni wakasema, aliacha kukitaja ili asiwaaibishe ndugu zake waliokuwa wamesimama mbele yake, kwa kuwa alikwisha kuwasamehe. Na hata ule ugomvi uliokuwa kati yao alimtwika shetani.

Sisemi kwamba Shaaban Robert alikosea kuwaita watu wake Hasidi na Mwivu. Hadithi ya mafumbo ina kanuni zake, na msomaji anahitaji taa ya kumwongoza. Wala simlaumu Adili kwa kusimulia, maana aliulizwa na mfalme wake. Mimi hakuna mfalme aliyeniuliza.

Nilimwendea Mama nikamuuliza habari za deni, jambo ambalo kwa miaka yote ile sikulifanya, nadhani kwa kuogopa jibu. Mama alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Deni lilikuwepo, mwanangu. Baba yako alikopa ya matibabu, akakataa usiambiwe ukaacha chuo. Ila si kiasi chote alichosema kaka yako." Kisha akaniambia nimletee maji. Kwa hiyo nilikuwa nimedhulumiwa, lakini si kwa kiwango kile nilichokuwa nikikitangaza. Wote wawili, mimi na kaka, tulikuwa tumeongeza.

Mwaka 2023 tulimwoza mtoto wa dada yetu. Baada ya nikaha, tukiwa mkekani tunangoja pilau, ami yetu mmoja kutoka Muheza, mtu wa maswali, akasema kwa sauti: "Hivi lile shamba la minazi la marehemu liliishia wapi?" Nikaona macho ya mkeka mzima yananigeukia mimi, maana ndiye mwenye hadithi. Kaka alikuwa amekaa mkabala wangu. Akainamisha uso akaanza kuchezea kofia yake.

Nikasema, "Baba alikuwa na deni, ami. Likalipwa."

Ami akasema, "Aa." Pilau likaletwa.

Sidai kwamba moyo wangu ulikuwa mweupe wakati ule. Nilijisikia kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Kisa changu kilikuwa kizuri na nilikuwa nakisimulia vizuri.

Tulipokuwa tunanawa mikono kaka alinisogelea. Akaniuliza, "Mdogo wangu, kile kitabu cha baba cha manyani, unacho bado? Binti yangu yuko kidato cha pili, anakitafuta."

Nikamwambia, "Kaka, mimi nilijua unacho wewe. Kilikuwa katika sanduku."

"Sanduku si ulilichukua wewe? Wewe ndiye msomaji."

Tukatazamana. Miaka tisa kila mmoja wetu alikuwa akijua kwa yakini kwamba mwenzake ndiye aliyechukua. Na mimi nilikuwa nimekitia kitabu kile katika kisa changu kama ushahidi, tena mara nyingi, kwa sababu watu walikuwa wakisikitika zaidi nikifika hapo kuliko kwenye shamba. Mpaka leo hatujui sanduku lile lilikwenda wapi. Dada anadhani lilitolewa pamoja na magodoro ya zamani.

Wanafunzi wangu wasije wakadhani kwamba mambo yote yamekwisha. Hesabu ya shamba bado hatujaikalia. Kilichozidi deni kina haki za dada zetu wawili ndani yake, na mimi kusamehe changu si ruhusa ya kusamehe chao. Kaka amesema tutakaa, na nimemwomba sheikh wetu mmoja awepo siku hiyo, maana nimeona kwamba wenyewe kwa wenyewe hatutafika. Mfalme Rai naye ana kazi yake.

Yule binti aliyeuliza habari za machozi alifanya mtihani wake na kufaulu vizuri, alhamdulillah. Nilimwambia swali lake lilinisumbua. Aliona haya, akasema yeye alikuwa anataka kujua tu.

Binti wa kaka yangu sasa anakuja Alhamisi. Hukaa safu ya nyuma, karibu na dirisha, na nakala anayosomea ni mpya, tuliyoichangia mimi na baba yake. Wiki iliyopita ndiye aliyetusomea kwa sauti mahali ambapo manyani wanarudi kuwa watu, na yule kijana wa mizaha akanyoosha tena mkono, akataka kujua kama baada ya hapo waliendelea kuitwa Hasidi na Mwivu. Nimewapa kazi wakaandike wao.

Wabillahi tawfiq.